Wavu, Mto na Herufi A: Hadithi Zinavyomwadhibu Mzinzi

Mwanamume akifumaniwa leo na mke wa mtu katika mtaa wowote wa nyuma ya Soko la Mwanjelwa, Mbeya, mambo matatu yanaweza kumpata kabla jua halijachwa. Majirani watajaa, simu mkononi. Mwenye mke atadai kitu, fedha au ng'ombe, ili mambo yaishie palepale. Akigoma kulipa, shauri linaweza kufika Mahakama ya Mwanzo kwa jina ambalo Kiswahili cha mahakamani hakijalitupa: ugoni. Kwa tendo lenyewe hatafungwa. Katika sheria za Tanzania Bara uzinzi si kosa la jinai.

Sasa fungua kitabu. Mzinzi wa kwenye kitabu halipi ng'ombe akaenda zake. Anakunywa sumu, anajitupa chini ya treni, anashonewa herufi kifuani, anapeperushwa na upepo wa jehanamu. Hata filamu ya Kibongo inayooneshwa ndani ya basi linalopanda Kitonga ni nadra kumwacha mchepukaji afike mwisho wa safari akiwa mzima.

Tofauti hiyo kati ya sheria na hadithi ndiyo inayowapotosha wasomaji wengi, wakiwamo wanafunzi wanaoandika insha za fasihi. Husoma adhabu iliyomo kitabuni wakadhani ndiyo iliyokuwa ikitolewa zama zile, au wakadhani ndiyo mwandishi anayoitaka. Mara nyingi si hivyo wala vile. Mwandishi husikika vizuri zaidi pale adhabu ya hadithi inapoachana na adhabu ya sheria. Kwa hiyo kazi ya msomaji ni kuziweka mbili hizo bega kwa bega na kupima zimepishana kiasi gani.

Kwanza, maneno

Kiswahili kina maneno manne ambayo huchanganywa ovyo. Uzinzi ni tendo la mtu mwenye ndoa kutoka nje, au la anayetembea na mwenye ndoa. Uasherati ni pana zaidi na huwagusa wasiooana. Zinaa, kwa mafundisho ya Kiislamu, hubeba yote mawili. Ugoni ni neno la madai: humtazama yule wa tatu, mgoni, pamoja na hasara aliyomsababishia mwenye ndoa. Mwanafunzi akiandika kuwa Rosa wa *Rosa Mistika*, riwaya ya Euphrase Kezilahabi ya mwaka 1971, anajiua akiwa mke mzinzi, amepotea tangu mstari wa kwanza. Rosa hajaolewa. Kinachomwandama ni hukumu ya jamii juu ya usichana wake, na hilo ni shauri jingine lenye mahakimu wengine.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 imeliweka suala la ugoni kwa namna ambayo mpenzi wa fasihi anapaswa kuijua. Kifungu cha 72 kinamruhusu mume au mke kumdai fidia aliyezini na mwenzi wake. Si mume tu, mke pia. Dai linaanguka endapo mdai aliridhia au alishiriki kulifanikisha tendo, au endapo mdaiwa hakujua, na kwa uangalifu wa kawaida asingeweza kujua, kwamba aliyekuwa naye ana ndoa. Kifungu cha 74 kinaiachia mahakama ipange kiasi, ikizingatia mila za jamii ya wahusika na kama wanandoa walikuwa wakiishi pamoja au wametengana. Kisha kinaweka sharti zito: fidia isiwe na chembe ya kuadhibu. Kifungu cha 66 kinasema hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumchapa mwenzake. Hivyo sheria imeliondoa neno adhabu kabisa katika chumba hiki. Hadithi zetu zimelirudisha kupitia dirishani, na kuna sababu.

Fumanizi la Hephaestus

Fumanizi lililosimuliwa kwa ufundi kuliko yote ni la miungu ya Wagiriki, katika wimbo wa 8 wa *Odisea* ya Homer. Hephaestus ni mhunzi, kilema wa miguu, na mkewe ni Aphrodite. Jua, ambalo huona kila kitu, linamnong'oneza kwamba mkewe anatembea na Ares, mungu wa vita. Mume hapigi kelele. Anaingia kiwandani mwake, anafua minyororo myembamba kama utando wa buibui, anaizungushia kitanda na kuining'iniza kutoka darini, halafu anaaga kwamba anasafiri kwenda kisiwa cha Lemnos. Ares anaingia. Wanalala. Wavu unajifunga, mguu haunyanyuki wala mkono.

Hephaestus anarudi na kuwaita miungu wengine waje kuona. Waume wanakuja, miungu wa kike wanabaki majumbani kwa haya. Waliokuja wanacheka hadi basi, na mmoja wao, Hermes, anasema hata minyororo ingekuwa mara tatu ya ile, yeye angekubali kulala pale. Mwenye mke anataka arudishiwe mahari yote aliyompa baba mkwe, Zeus. Hapo Poseidon anaingilia: mfungue, atalipa. Hephaestus anauliza swali la mtu mwenye uzoefu wa madeni: je, akitoroka? Poseidon anajibu kwamba akitoroka, nitalipa mimi. Wavu unafunguliwa.

Msomaji wa Rungwe hahitaji maelezo ya chini ya ukurasa. Mtego, mashahidi, kicheko, mahari, fidia, mdhamini: vyote vipo, na hakuna damu. Homer anaweza kucheka kwa sababu miungu hawafi, hawaachi yatima, wala hawagombanii urithi. Binadamu anapofanya jambo lilelile, utenzi huohuo unabadilisha sauti. Unarudia mara kadhaa jinsi Agamemnon alivyorudi kutoka vitani na kuuawa kwa njama ya mkewe Clytemnestra na hawara yake Aegisthus, na jinsi mwana alivyokuja kulipa kisasi. Mshairi mmoja, kosa moja, adhabu mbili, kwa kuwa wahusika wa pili wana nyumba ya kubomoka.

Mahakamani Athens hali ilikuwa kati ya hizo mbili. Ipo hotuba ya utetezi ya karibu mwaka 400 KK, iliyoandikwa na Lysias kwa ajili ya mtu aitwaye Euphiletus aliyemuua Eratosthenes kitandani na mkewe. Anaeleza alivyokusanya majirani usiku na kuchukua mienge dukani, na jinsi mgoni alivyoomba alipe fedha. Hoja yake ni kwamba si mkono wake uliomuua bali sheria ya mji. Ndugu wa marehemu walidai alimtega. Hotuba yote inategemea tofauti hiyo moja: umemkuta, au umemwekea mtego?

Nyanda za Juu Kusini nazo zina mtego wake wa masimulizi: tego. Katika visa vya tego mume anayesafiri humfunga mkewe kwa dawa, na atakayemgusa atanasa hapohapo hadi mwenyewe arudi. Ni wavu wa Hephaestus uliotiwa dawa badala ya chuma. Kama kisa, tego linafanya kazi ileile: linaondoa tatizo kubwa kuliko yote katika mashauri haya, yaani ushahidi.

Mto, maji machungu na mwavi

Tendo hufanyika gizani. Ndiyo maana maandishi ya zamani hushughulika na namna ya kujua kabla ya namna ya kuadhibu. Sheria za Hammurabi wa Babeli, zilizochongwa kwenye jiwe karibu mwaka 1750 KK, zinatenganisha hali hizo mbili kwa ukali. Kanuni ya 129: mke akikamatwa amelala na mwanamume mwingine, wote wawili wafungwe pamoja na kutupwa majini, lakini mume akitaka kumwokoa mkewe, mfalme naye amwokoe mtu wake. Sharti hilo la mwisho si huruma tupu. Linamzuia mume kumtoa mkewe mtoni na kumwacha mwanamume azame, jambo ambalo lingewapa wanandoa wajanja njia rahisi ya kuua adui. Kanuni ya 132: mke akinyooshewa kidole tu bila kukamatwa, ajitose mtoni kwa ajili ya mumewe. Hapo mto si adhabu tena, ni hakimu.

Katika Biblia, kitabu cha Hesabu sura ya 5 kina utaratibu wa namna hiyo kwa mume mwenye wivu asiye na shahidi. Anampeleka mkewe kwa kuhani pamoja na sehemu ya kumi ya efa ya unga wa shayiri, bila mafuta wala ubani. Kuhani anatia maji matakatifu katika chombo cha udongo, anachanganya mavumbi ya sakafu ya maskani, yaani hema la ibada, anaandika laana na kuiosha ndani ya maji hayo, mwanamke anakunywa. Akiwa na hatia tumbo litavimba. Akiwa safi atazaa. Hakuna kikombe kilichoandaliwa kwa mwanamume.

Wazee wa Mbeya na jirani zao wa ng'ambo ya Mto Songwe walijua kiapo cha aina hii kwa jina la mwavi: sumu ya mti iliyonywewa katika mashauri mazito, hasa ya uchawi. Aliyetapika alikuwa safi. Watawala wa kikoloni waliupiga marufuku. Ukisoma kwa haraka, vinywaji hivi viwili vinafanana, lakini vinaegemea pande tofauti. Mavumbi na wino ndani ya maji havimuui mtu kwa kawaida, hivyo ili mwanamke apatikane na hatia lazima muujiza utokee. Mwavi huua bila msaada wa muujiza. Anayeandika tamthilia yenye kiapo ndani yake lazima aamue mapema kiapo chake kinaegemea upande upi, maana hapo ndipo watazamaji watakapojua jamii ile inaanza na dhana ya hatia au ya usafi.

Kurani nayo inatilia mkazo ushahidi kuliko watu wengi wanavyokumbuka. Sura ya 24 inataja mijeledi 100 kwa wazinifu, mwanamke na mwanamume. Aya mbili mbele inataja mijeledi 80 kwa anayewazulia wanawake wema bila kuleta mashahidi wanne, na ushahidi wake usikubaliwe tena. Na katika sura ya 12, kisa cha Yusufu, kipimo ni kitambaa: kanzu ikiwa imechanwa mbele, mwanamke anasema kweli, ikiwa imechanwa nyuma, mwanamume ndiye mkweli, alikuwa akikimbia. Imechanwa nyuma. Kila mtu ameona. Bado anayeingia gerezani ni Yusufu. Watunzi wa tenzi wa pwani walikipenda kisa hiki, na haishangazi, maana kina kitu ambacho msimulizi yeyote anakitafuta: ukweli umeshathibitishwa na adhabu inamwangukia mwingine.

Katika Biblia ya Kikatoliki, Danieli sura ya 13, wazee wawili wanamsingizia Susana kwamba wamemkuta na kijana chini ya mti. Danieli anawatenganisha na kuwauliza mmoja mmoja: mti gani? Wanataja miti tofauti. Adhabu waliyomtakia inawarudia. Wakili anayehoji mashahidi wa fumanizi hadi leo huanza na swali la mti gani.

Jiwe la kwanza

Kisa cha Yohana 8 kinahubiriwa sana Nyanda za Juu Kusini, na karibu kila mara kinahubiriwa kama kisa cha upole. Ni zaidi ya hapo. Walawi 20:10 inawataja wote wawili, mwanamume na mwanamke, kuwa wauawe. Waliomleta mwanamke wanasema alifumaniwa katika tendo lenyewe, lakini mwanamume hayupo. Tayari shauri limeingia na upungufu. Kisha Kumbukumbu la Torati 17:7 inaagiza mikono ya mashahidi ndiyo iwe ya kwanza kumpiga mhukumiwa. Kwa hiyo jibu kwamba asiye na dhambi awe wa kwanza kutupa jiwe si msemo wa mtaani. Linagusa utaratibu wenyewe na kuwasukumia mashahidi jukumu la kuua. Wanatoka mmoja mmoja, wakianzia wazee. Ajabu ni kwamba kifungu hiki hakimo katika nakala za Kigiriki za kale kuliko zote za Injili ya Yohana. Kilitangatanga kabla ya kupata mahali pa kukaa.

Roma tuipitie upesi. Kaizari Augusto, mwaka 18 KK, aliufanya uzinzi kuwa kosa la dola: wahusika walihamishiwa visiwa tofauti, na mume aliyemjua mkewe akakataa kumwacha aliweza kushtakiwa kama kuwadi. Mwaka 2 KK sheria ilibisha hodi kwake mwenyewe, akamhamisha binti yake Julia kisiwani Pandateria.

Dante, mshairi wa Italia, anahitaji hesabu moja tu. Katika jehanamu yake ya duara tisa, Francesca na Paolo, waliopendana wakiwa shemeji kwa shemeji na kuuawa na mume, wako duara la pili, juu kabisa ya wanaoteswa, wakipeperushwa na upepo usiokoma. Francesca anasema mahali panaitwa Caina panamngoja aliyewaua. Caina iko duara la tisa, kwenye barafu. Mshairi anawaadhibu wapenzi na hapohapo anamshusha muuaji wao ngazi saba chini zaidi. Asiyehesabu duara atasema Dante aliandika dhidi ya uzinzi, basi.

Hadithi ya saba ya siku ya sita katika *Decameron* ya Boccaccio, kazi ya katikati ya karne ya 14, inastahili muda zaidi kwa kuwa mshtakiwa ndiye anayeibadilisha sheria. Mji ni Prato. Sheria: mke akifumaniwa na hawara achomwe moto. Filippa anafumaniwa na mumewe, anashauriwa akane au atoroke, anakataa. Mbele ya hakimu anakiri, kisha anatoa hoja mbili. Ya kwanza ni ya kikatiba hasa: sheria inapaswa kuwahusu wote sawa na kutungwa kwa ridhaa ya wanaohusika, nayo hii inawabana wanawake peke yao na hakuna mwanamke aliyeulizwa. Ya pili ni ya jikoni. Anamtaka hakimu amuulize mumewe kama amewahi kumnyima. Mume anajibu hapana, hata mara moja. Basi, anauliza Filippa, kama yeye ameshiba kila siku, mimi nifanyeje na kilichobaki? Niwatupie mbwa? Watu wa mji wanacheka, na kabla ya kutawanyika wanaibadilisha sheria ibaki kwa wanaofanya hivyo kwa malipo. Kicheko cha Prato si kile cha miungu kwenye wavu. Kule walimcheka aliyenaswa. Huku wanaicheka sheria.

Miaka 200 ndani ya herufi moja

Hapa ndipo insha nyingi huharibika, kwa sababu *The Scarlet Letter*, riwaya ya Mmarekani Nathaniel Hawthorne, ina nyakati mbili. Kitabu kilitoka 1850. Hadithi yake iko Boston ya miaka ya 1640. Dawa ni karatasi na kalamu. Chora safu nne: sheria ya wakati wa hadithi, sheria ya wakati wa mwandishi, adhabu iliyotolewa ndani ya hadithi, na aliyepona. Zijaze kabla hujaandika sentensi ya kwanza ya insha. Safu ya nne ndiyo huachwa wazi, na ndiyo yenye maana kuliko zote.

Kwa Hawthorne safu ya kwanza inasema kifo. Massachusetts iliandika hivyo mwaka 1641, na 1644 Mary Latham na James Britton walinyongwa kwa kosa hilo. Alama ya herufi ilikuja baadaye: koloni jirani la Plymouth lilikuwa na sheria ya kushonewa herufi mwaka 1658, na Massachusetts yenyewe ilifika huko 1694, pamoja na viboko na kukaa saa moja kwenye jukwaa la kunyongea kamba ikiwa shingoni. Hawthorne alichukua adhabu ya baadaye akairudisha nyuma. Hakufanya kwa kutojua, maana mhusika mmoja anaeleza kwamba sheria inataka kifo, ila wazee wamemhurumia Hester, mzinzi wa hadithi hiyo, kwa ujana wake na kwa kuwa mumewe huenda amezama baharini.

Alichokipata kwa mabadiliko hayo ni muda. Aliyenyongwa hana hadithi zaidi. Hester Prynne anasimama jukwaani saa tatu, mtoto mkononi, A nyekundu ya neno la Kiingereza *adultery*, yaani uzinzi, kifuani, kisha anashuka na kuishi miaka saba mbele ya macho yetu. Herufi ameitarizi mwenyewe kwa uzi wa dhahabu. Analipwa kwa sindano: anashona mavazi ya watawala, sanda, nguo za watoto, lakini haitwi kamwe kushona shela ya bibi harusi. Hukumu ya mji inaonekana katika kazi ambazo haletewi, na fundi cherehani yeyote wa Mafinga anajua kunyimwa kazi ya harusi kuna maana gani. Miaka inavyokwenda watu wanaanza kuisoma A kama neno jingine la Kiingereza, lenye maana ya mwenye uwezo. Mchungaji Dimmesdale, baba wa mtoto, ndiye aliyemhimiza hadharani amtaje mwenzake. Hakutajwa. Hana herufi ya kushonewa, na anaoza ndani.

Ufaransa ya *Madame Bovary*, riwaya ya Gustave Flaubert, ilikuwa na kanuni ya adhabu ya 1810. Mke mzinzi: jela miezi 3 hadi miaka 2. Mume: faini ya franki 100 hadi 2,000, na hiyo ikiwa tu ameweka hawara ndani ya nyumba ya ndoa. Mume aliyewaua waliofumaniwa nyumbani mwake alipewa udhuru. Flaubert alikuwa na vifaa vyote hivi mezani na hakugusa hata kimoja. Emma Bovary hafumaniwi. Kinachomwangamiza ni mkopo. Lheureux, mfanyabiashara wa vitambaa, anamkopesha pazia, kanzu, zawadi za hawara, anambadilishia hati za deni kwa hati nyingine zenye riba, mpaka inakuja amri ya mahakama ya franki 8,000 kulipwa ndani ya saa 24. Leo tungemwita kausha damu na kila mama wa kikoba angetikisa kichwa. Emma anakula arseniki aliyoichota kwenye duka la dawa. Mumewe anazikuta barua baadaye, na naye anakufa kwa huzuni. Mtoto wao, Berthe, anaishia kiwanda cha pamba.

Mwaka 1857 serikali ilimshtaki Flaubert. Mwendesha mashtaka Ernest Pinard alilalamika kwamba ndani ya kitabu hakuna mtu hata mmoja mwenye hadhi ya kumhukumu Emma. Alikuwa msomaji mzuri kuliko wengi waliomcheka: alikuwa ameligundua pengo. Mwandishi aliachiwa tarehe 7 Februari. Na hapa tahadhari: kifo cha Emma ni matokeo ya deni. Si kila kifo kilichopo mwishoni ni adhabu. Tafuta kwanza mkono uliokileta.

Kwetu

Katika *Utendi wa Mwana Kupona* wa 1858, mama mgonjwa anamwachia binti yake maagizo. Kuna radhi tano za kutafuta: ya Mungu, ya Mtume, ya baba, ya mama, na ya mume. Siku ya ufufuo mume ataulizwa mkewe apelekwe wapi, na atakalosema litatendeka. Utendi hauhitaji kumtaja mzinzi. Mahakama imeshaundwa na hakimu ameshateuliwa kabla kosa halijatokea.

Rungwe ya zamani ilikuwa na njia tofauti, isiyo ya maneno. Wanyakyusa walijenga vijiji kwa marika, vijana wakitoka kwenda kujenga chao, na mkamwana alimwepuka kabisa baba mkwe. Wanaanthropolojia Godfrey na Monica Wilson, waliofanya utafiti huko miaka ya 1930, walielezwa kwamba sababu mojawapo ya mpangilio huo ni kutenganisha mambo ya kitandani ya baba na ya mwana. Ramani ya kijiji ilifanya kazi ya sheria.

Said Ahmed Mohamed, katika *Utengano* (1980), anampindua hakimu wa Mwana Kupona. Maksuudi anawafungia ndani mkewe na binti yake kwa jina la heshima, huku mwenyewe akitembea nje. Kazija anamwekea mtego unaomkutanisha uso kwa uso na mwanawe, Mussa, nyumbani kwa Kazija huyo. Ni wavu uleule wa Hephaestus, ila safari hii umetegwa na mwanamke na aliyenaswa ni mume.

Halafu likaja janga. Katika miaka ya UKIMWI, maigizo, ngonjera na vijitabu vingi vilijenga kisa kimoja: mume mchepukaji, mara nyingi dereva wa lori wa barabara ya Tunduma, anakonda, anatubu, anakufa. Ugonjwa ulichukua kiti cha hakimu. Kama ujenzi wa hadithi ni rahisi, kama ukweli ni uongo mbaya. Utafiti wa kitaifa wa 2011/12 ulikuta maambukizi kwa watu wa miaka 15 hadi 49 yakiwa asilimia 14.8 Njombe, 9.1 Iringa na 9.0 Mbeya, wakati wastani wa nchi ulikuwa 5.1. Miongoni mwa hao wamo wake waliotulia nyumbani Makambako na Ilula, na watoto waliozaliwa nao. Hadithi inayofanya virusi kuwa mjeledi inawahukumu hao pia, bila kuwapa hata lile swali la mti gani. Mtunzi anayetaka kuandika juu ya jambo hili leo aandike deni, aandike siri, aandike dawa za kufubaza zilizofichwa kwenye kopo la unga. Asimpe kirusi joho la jaji.

Safu ya nne

Tukijaza safu ya aliyepona, orodha inatisha. Mwanamume wa Yohana 8. Mwanamke wa kisa cha Yusufu, katika sehemu ile ya kwanza. Katika riwaya ya Ferdinand Oyono ya 1956, inayosomwa kwa Kiswahili kwa jina la *Boi*, mke wa mkuu wa wilaya wa Kifaransa anatembea na mkuu wa gereza. Kosa la Toundi, mtumishi wa nyumbani, ni kujua. Anatafutiwa shtaka la wizi lisilomhusu, anapigwa, anatoroka, anafia ng'ambo ya mpaka. Wazinzi wawili wa Kizungu hawaguswi na mtu.

Mrusi Tolstoy alichapisha riwaya yake *Anna Karenina* kwa sehemu kuanzia 1875, na juu yake akaweka maneno ya Warumi 12:19, kisasi ni changu. Wengi huyachukua maneno hayo kama hukumu juu ya Anna na kufunga kitabu. Lakini tazama mume wake, Karenin, anavyopitia njia alizonazo kama karani anayepitia mafaili. Duwelo? Anaogopa bastola. Talaka? Ushahidi unachafua jina, na kanisa halimruhusu aliyekutwa na hatia kuoa au kuolewa tena. Kutengana? Ni kumsukumia mikononi mwa hawara. Anachagua abaki nyumbani, ionekane hakuna kitu. Sheria haikumuua Anna. Alinyimwa mwanawe, alitukanwa ukumbini mwa maonesho, huku Vronsky, mwanamume aliyekuwa naye, akiendelea kupokelewa kila nyumba. Treni ilikuja mwishoni.

Na riwaya hiyo haianzi na Anna. Inaanza na kaka yake, Stiva, aliyekutwa ametembea na mlezi wa watoto wake. Mkewe analia, Anna mwenyewe anasafiri kuja kuwapatanisha, yanakwisha. Kurasa mamia baadaye, miezi michache tu baada ya Anna kuzikwa, tunamkuta Stiva stesheni akiwaaga watu wanaokwenda vitani. Amepata ile kazi ya reli aliyokuwa akiitafuta. Anachangia rubo tano, anamwona Vronsky, na anamkumbuka kama shujaa na rafiki wa siku nyingi.